Auawe, Afungwe au Afifie? Njia Tatu za Kumwandika Mungu Asiyekufa

Katika sura ya kumi na mbili ya muswada wangu nilimuua mungu wa bahari. Shujaa alimchoma mkuki wa chuma ubavuni, mungu akaangukia mwamba, maji yakageuka meusi, watu wa ufukweni wakashangilia. Niliiandika sura hiyo usiku mmoja na niliipenda. Mdogo wangu, ambaye husoma kazi zangu kabla ya mtu mwingine yeyote, alinirudishia karatasi zikiwa na maandishi ya penseli pembeni: "Kaka, ukurasa wa tatu ulisema huyu hafi. Amekufaje? Na bahari amemwachia nani?"

Maswali hayo mawili yalinisimamisha kazi kwa miezi. La kwanza linahusu neno "asiyekufa" na ahadi iliyomo ndani yake. La pili linahusu dunia yenyewe ya hadithi: ukimwondoa mwenye bahari, bahari inakuwaje? Nikarudi kwa Wagiriki wa kale, maana miungu mingi tunayokutana nayo katika fantasia ya leo imetoka kwao, kisha nikapitia upya riwaya na michezo ya video iliyofanya kile nilichojaribu kufanya. Nimeona njia tatu. Mungu wako anaweza kuwa hafi kabisa, lakini anaumia na kufungwa, kama wa Wagiriki. Anaweza kuwa anauawa. Au anaweza kuwa anafifia kadiri watu wanavyoacha kumwamini. Naziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya yeyote anayeanza kuandika, au aliyekwama nilipokwama mimi.

Kabla ya hapo, tulinyooshe neno. Kiswahili chetu kinatupa maneno matatu ambayo waandishi wengi tunayachanganya: asiyekufa, asiyezeeka na asiyeuawa. Si kitu kimoja. Wagiriki walilijua hilo, ndiyo maana washairi wao walizoea kutaja mambo mawili kwa pamoja, kwamba miungu haifi wala haizeeki. Elfu (elves), viumbe katika riwaya za mwandishi Tolkien, hawazeeki, lakini upanga unawaua. Tithonus, kijana wa Troy aliyependwa na Eos, mungu wa kike wa alfajiri, alipewa kutokufa akakosa kutozeeka. Eos alimwombea kwa Zeus, mfalme wa miungu, uhai usio na mwisho, akasahau kuomba na ujana. Mvi zilipoanza kumtoka, Eos aliacha kulala naye, ingawa aliendelea kumlisha ambrosia, chakula cha miungu. Aliposhindwa hata kuinua mkono, alimlaza chumbani akafunga milango, na sauti yake ikabaki humo ikinong'ona bila kukoma. Kwa hiyo, kabla hujachagua njia, andika mahali pako pa siri mungu wako ni yupi kati ya hao watatu. Mimi sikuwa nimeandika, na mdogo wangu aliliona hilo mara moja.

Njia ya Wagiriki: hafi, lakini anaumia

Jina la kawaida la miungu kwa Kigiriki cha kale lilikuwa athanatoi, wasiokufa. Sisi wengine tukawa wafao. Mpaka kati ya makundi hayo mawili umechorwa vizuri kuliko mahali pengine popote katika wimbo wa tano wa Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy. Diomedes, mpiganaji wa upande wa Wagiriki, anamfukuza Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, uwanjani na kumchoma mkuki. Ncha inapenya vazi alilofumiwa na Neema, miungu wa kike wa uzuri, inachana ngozi ya mkono karibu na kiganja. Kinachotoka si damu. Homer anakiita ikhori na anatoa sababu papo hapo: miungu haili mkate wala hainywi divai, ndiyo maana haina damu, ndiyo maana inaitwa isiyokufa. Mtu hula nafaka, nafaka ikawa damu, na chenye damu kina siku yake. Sheria yote ya kutokufa imekaa katika mistari minne, nayo imewekwa kwenye jeraha, mahali ambapo msomaji amekodoa macho.

Baadaye Diomedes huyohuyo, safari hii akisaidiwa na mungu wa kike Athena, anamchoma Ares chini ya tumbo. Mungu wa vita anapiga ukelele kama wa watu elfu tisa au elfu kumi walio vitani, anapaa hadi Olympus, mlima wa makao ya miungu, anaketi kando ya Zeus na kumwonyesha ikhori inavyotiririka. Zeus kwanza anamkaripia, anamwambia kwamba kati ya miungu wote yeye Ares ndiye anayemchukiza zaidi. Kisha anamwita Paieon, tabibu wa miungu. Dawa inafunga kidonda upesi, anasema Homer, kama utomvu wa mtini unavyogandisha maziwa mtu akiyakoroga. Mfano huo umetoka kwa mtengeneza jibini, umewekwa juu ya tumbo la mungu. Niliposoma mstari huo kwa mara ya pili ndipo nilipoona kosa langu. Mungu wangu wa bahari hakuwahi kuumia. Alikuwa mzima, mara akawa maiti. Wagiriki, kati ya uzima na maiti, walikuwa na nafasi kubwa kama bahari yenyewe, na hadithi zao karibu zote zinaishi humo.

Angalia wanachofanyiana humo. Aphrodite anapojitupa kwa mama yake Dione, mama anamfariji kwa kumtajia wengine walioumizwa na watu. Hera alipigwa na Heracles mshale wa ncha tatu kwenye titi la kulia. Hades naye alipigwa mshale, akapanda Olympus kutibiwa. Na Ares alikamatwa na ndugu wawili, Otus na Ephialtes, wakamfungia ndani ya mtungi wa shaba kwa miezi 13. Hapo Dione anatamka neno zito: Ares angeangamia humo, kama Eeriboia, mama wa kambo wa vijana wale, asingempelekea Hermes habari, naye Hermes akamtoa kwa siri, hali amekwisha nguvu. "Angeangamia," mungu asiyekufa! Mimi nalisoma neno hilo hivi: mtungini hakuna kaburi, lakini kuna kubaki hai bila chochote kinachomfanya mungu awe mungu. Ares mwenyewe anapomlalamikia Zeus anathibitisha hivyo. Anasema kama asingekuwa na mbio angebaki kwenye lundo la maiti akiteseka muda mrefu, au angeishi bila nguvu kwa mapigo ya silaha. Hasemi angekufa.

Hesiod, mshairi mwingine wa Kigiriki cha kale, anakwenda mbali zaidi. Watitani, miungu wa kizazi cha kabla ya Zeus, waliposhindwa naye hawakuuawa, walitupwa Tartarus, shimo lililo chini kabisa ya ardhi, na ili tuelewe ni wapi, mshairi anadondosha fuawe ya shaba: ingeanguka kutoka mbinguni siku tisa na kufika ardhini siku ya kumi, kisha siku tisa nyingine kutoka ardhini ndipo ifike Tartarus siku ya kumi. Mungu anayeapa uongo kwa maji ya mto Styx analala mwaka mzima bila pumzi wala sauti, bila kuonja ambrosia, halafu anatengwa na vikao na karamu za wenzake miaka tisa. Katika mwaka wa kumi anarudi. Hicho ni kifo chenye tarehe ya kurudi, na sijaona mwandishi wa fantasia wa leo aliyekitumia vya kutosha. Prometheus, Mtitani aliyeadhibiwa na Zeus kwa kuwaibia watu moto, naye anatafunwa ini na tai, ini linaota tena usiku. Kwa mtu, tai yule angekuwa kazi ya siku moja. Kutokufa ndiko kunakoifanya adhabu iwe adhabu.

Faida ya njia hii kwa mwandishi ni kwamba aliyeshindwa haondoki. Mlango wa Tartarus ni wa shaba na una walinzi, lakini ni mlango. Tolkien aliichukua njia hii karibu nzima: Melkor, adui mkuu wa dunia yake ya kubuni, anafungwa mnyororo enzi tatu, anasamehewa, anafanya ubaya mkubwa zaidi, mwishowe anatupwa nje ya dunia katika utupu. Sauron, mtumishi wa Melkor aliyeweka nguvu zake katika Pete, hafi Pete hiyo inapoharibiwa. Anabaki kivuli kisichoweza kujiumba tena.

Hasara yake ni kwamba vita ya miungu wenyewe kwa wenyewe haina uzito. Homer alilijua hilo. Katika wimbo wa 21 miungu inapigana, na Hera anamshika Artemis mikono, anampiga masikioni kwa upinde wake mwenyewe, mishale inamwagika, binti anakimbia akilia. Msomaji hatoi chozi. Chozi liko kwa Sarpedon, mwana wa Zeus aliyezaliwa na mwanamke, ambaye Zeus anaweza kumwokoa na anaamua kutomwokoa, akamlilia kwa mvua ya damu. Ukichagua miungu isiyokufa, basi waweke wafao karibu nayo, na wawe watu wanaopendwa. Bila hao miungu yako itacheza bila chochote cha kupoteza.

Mianya waliyoiacha wenyewe

Kuna swali ambalo watu huuliza kila mjadala huu unapoanza: je, kuna mungu wa Kigiriki aliyekufa kweli? Jibu fupi ni kwamba wa Olympus hakuna, lakini pembeni kuna mianya, na mianya hiyo ndiyo shule nzuri kwa mwandishi.

Ule unaonigusa kuliko yote ni wa Chiron. Huyu alikuwa mwana wa Kronos, nusu mtu nusu farasi, mwalimu wa shujaa Achilles, naye alikuwa asiyekufa kama miungu. Mshale wa Heracles, uliopakwa sumu ya nyoka Hydra, ulimpata gotini kwa bahati mbaya. Kidonda hakikupona. Chiron akarudi pangoni mwake akitamani kufa na hawezi. Katika simulizi ya Apollodorus alipata kufa pale tu Prometheus alipojitoa kwa Zeus achukue kutokufa kwake. Yaani kutokufa kulihamishwa, kama mzigo unaotolewa kichwani kwa mmoja na kutuliwa kichwani kwa mwingine. Ukitaka mungu wako afe bila kuvunja ahadi ya ukurasa wa tatu, hii ndiyo kanuni safi kuliko zote: anakufa kwa hiari yake, na uhai wake unaenda kwa mtu.

Pembeni zaidi wako nimfi wa miti, yaani mabinti wa kimungu wanaokaa porini. Katika utenzi wa kale wa kumsifu Aphrodite tunaambiwa nimfi wa milimani hula chakula cha miungu na huishi muda mrefu sana, lakini mti wa nimfi ukinyauka na kuanguka, naye roho yake huondoka. Kuna hata hesabu inayohusishwa na Hesiod: kunguru huishi vizazi tisa vya watu, paa mara nne ya kunguru, kunguru mkubwa mara tatu ya paa, finiksi mara tisa ya huyo, na nimfi mara kumi ya finiksi. Zidisha utapata vizazi 9,720. Mbele ya mtu hiyo ni milele, mbele ya Zeus ni umri tu.

Kisha kuna kaburi la Zeus. Watu wa Krete walidai wanalo kisiwani kwao. Mshairi Callimachus, karne ya 3 KK, aliwajibu kwa hasira kwamba Wakrete ni waongo siku zote, wamejenga kaburi la mfalme ambaye hakufa, kwa kuwa yeye yupo daima. Ugomvi huo unatuonyesha kwamba hata Ugiriki kwenyewe hawakuwa na jibu moja, na dunia yako ya kubuni inaweza kuwa na vijiji viwili vinavyobishana hivyohivyo.

Na kuna Pan, mungu wa wachungaji na pori. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba wakati wa Kaizari Tiberius, aliyetawala mwaka 14 hadi 37 BK, merikebu iliyokuwa ikielekea Italia ilikosa upepo jioni karibu na visiwa vya Paxi. Sauti ikaita kutoka nchi kavu jina la nahodha, Mmisri aitwaye Thamus. Iliita mara mbili akanyamaza, ya tatu akaitika. Sauti ikamwambia akifika mkabala wa Palodes atangaze kwamba Pan mkuu amekufa. Thamus aliamua moyoni kwamba upepo ukivuma atapita kimya, bahari ikitulia atasema. Bahari ikatulia. Akasimama tezini, akageukia bara, akasema kama alivyoambiwa, na kabla hajamaliza kukasikika kilio cha wengi kikichanganyika na mshangao. Anayesimulia kisa hicho ndani ya maandishi ya Plutarch anakileta kama ushahidi kwamba viumbe walio kati ya miungu na watu wanaweza kufa. Lakini zaidi ya miaka mia moja baada ya Tiberius, msafiri Pausanias alipita Arcadia, eneo la milima la Ugiriki, akakuta mahali patakatifu pa Pan pakiwa bado pana heshima, na wenyeji wa mlima Mainalos wakisema bado wanamsikia akipuliza filimbi yake. Tangazo moja la kifo, na filimbi inayoendelea kulia. Ningeweza kuandika riwaya nzima katikati ya hayo mawili.

Kumuua kabisa

Njia ya pili ndiyo niliyoichagua bila kufikiri, na ndiyo iliyotawala michezo ya video. Si njia mpya. Katika simulizi za Skandinavia miungu hufa: Baldr, mwana wa mungu mkuu Odin, anauawa kwa kitawi cha ulimbo, na mwisho wa dunia Odin mwenyewe anamezwa na mbwamwitu Fenrir. Hata ujana wa miungu hiyo unatunzwa kwa matofaa ya Idunn, kwa hiyo msomaji anajua tangu mwanzo kwamba uhai wao ni wa kutunzwa, unaweza kutunzika vibaya.

Kanuni ya mauaji hayo sisi watu wa Kiswahili tunaifahamu kupitia Fumo Liongo. Hakuwa mungu, lakini silaha hazikumwingia, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri aliitoa mwenyewe kwa mwanawe, na ni mwanawe aliyemchoma usingizini. Siri ya Baldr nayo ilitoka kwa mama yake, Frigg, aliyemwambia Loki, mungu mjanja, akidhani anazungumza na mwanamke wa kawaida. Katika visa vyote viwili silaha ni ndogo, kitawi na sindano, na mlango unafunguliwa na anayependa. Halafu tazama kile Liongo anachofanya baada ya kuchomwa: anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti akiwa amevuta uta, na anakufa katika hali hiyohiyo. Watu wanaogopa kuteka maji siku kadhaa kwa kudhani angali hai. Kifo chake kina athari kwa wenye ndoo na mitungi. Sura yangu ya kumi na mbili haikuwa na kitu kama hicho.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ulionekana wazi tangu mwaka 1980, mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoa kitabu kilichowapa miungu, Zeus akiwemo, pointi za uhai. Mara tu unapompa mungu namba, mtu ataketi mezani apige hesabu ya kuifikisha sifuri. Mungu anakuwa jitu lenye ngozi ngumu. Kama ndicho unachotaka, sawa, lakini usimwite asiyekufa. Mwite mwenye nguvu.

Walioifanya njia hii vizuri walijibu swali la pili la mdogo wangu. Katika mchezo wa video God of War III wa mwaka 2010, shujaa wake Kratos anawaua miungu wa Olympus mmoja baada ya mwingine, na kila kifo kinaacha tundu: Poseidon akifa bahari inafurika, Helios akifa jua linafichika, Hera akifa mimea inanyauka. Wengi wanaucheza kwa ajili ya mapigano. Mimi kilichonishika ni ule uharibifu unaoongezeka nyuma ya mchezaji, mpaka anayelipiza kisasi anasimama juu ya nchi isiyokalika. Huko kumuua mungu kuna bei, na bei inalipwa na watu ambao hawakuwa na ugomvi naye.

Wagiriki wenyewe wana funzo moja hapa ambalo waandishi wengi wanalipita. Majitu yalipoishambulia Olympus, ilitabiriwa kwamba miungu peke yake haitaweza kuyaua hadi mfao awasaidie. Heracles akaitwa. Jitu Alcyoneus halikufa likiwa katika ardhi lililozaliwa. Heracles alilipiga mshale, likaanguka, likaanza kupata nguvu upya kutoka udongoni, na kwa ushauri wa Athena akaliburuta nje ya mpaka wa Pallene, likafa huko. Hakuna upanga wa ajabu. Kuna mahali na kuna mpaka. Kanuni ya namna hii inamfanya msomaji ashirikiane na shujaa, kwa sababu anaweza kuifikiria mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Kufifia

Njia ya tatu inasema mungu anaishi kwa imani ya watu, ikikauka naye anakauka. Small Gods ya Terry Pratchett, ya mwaka 1992, inaionyesha kuliko kitabu kingine nilichosoma: mungu Om ana nchi nzima yenye makuhani na majengo kwa jina lake, anarudi duniani na kujikuta kobe mwenye jicho moja, kwa kuwa katika umati wote ule aliyebaki akimwamini yeye kweli ni kijana mmoja, Brutha. Watu wanaamini hekalu, wanaogopa maofisa wake, mungu wamemsahau. American Gods ya Neil Gaiman, ya 2001, inawafuata miungu waliobebwa na wahamiaji hadi Marekani wakaachwa huko wahangaike. Na katika mfululizo wa riwaya za Percy Jackson, kitabu cha 2008, Pan anafifia mbele ya wahusika baada ya pori lake kumalizwa.

Je, hii ni ya Kigiriki? Nusu. Demeter, mungu wa kike wa mazao, alipoficha nafaka kwa huzuni ya bintiye, utenzi wake unasema watu wangekwisha kwa njaa na miungu ingekosa heshima na kafara, na hilo ndilo lililomfanya Zeus atume wajumbe. Katika tamthilia ya Ndege ya Aristophanes, iliyochezwa Athens mwaka 414 KK, ndege wanajenga mji angani na kuzuia moshi wa kafara usipande. Miungu inashikwa na njaa. Prometheus anakuja kutoa siri akiwa amejifunika mwavuli, asionekane kutoka juu. Mkono mtupu haulambwi, na hapo hata mbinguni walilijua. Lakini hakuna anayekufa: wanakuja kujadiliana. Oineus, mfalme wa Calydon, alipomsahau Artemis katika sadaka za mavuno, Artemis hakudhoofika, alimletea nguruwe dume aliyeng'oa miti ya shamba lake. Tofauti iko hapo. Mungu wa Kigiriki aliyesahauliwa anakuja na nguruwe, wa fantasia ya leo anakuja akiwa kobe.

Nguvu ya njia hii ni upole wake na ukaribu wake na historia. Mwaka 391 na 392 Kaizari Theodosius alitoa amri za kupiga marufuku kafara na kuingia mahekaluni. Hakuna aliyemchoma Zeus mkuki. Moto wa madhabahu ulizimwa tu. Udhaifu wake ni kwamba inampa mwanadamu cheo kikubwa mno. Mungu aliyetengenezwa na imani yangu hawezi kunihukumu kwa uzito uleule, na hofu inatoka kwenye kurasa. Ninaipenda kwa hadithi za watu waliohama na miji iliyobadilika dini au lugha. Kwa hadithi za vita na adhabu siichagui.

Uchague ipi

Kama kiini cha hadithi yako ni ukoo, kiti cha enzi, kisasi cha baba na mwana, nenda na Wagiriki. Huko mzee aliyepinduliwa yuko chini ya ardhi akisikiliza, na mrithi hawezi kulala vizuri. Kama kiini ni watu kujikomboa, mungu auawe, lakini sema mapema kwamba anauawa, sema kwa nini, na ukae na kilichobaki angalau kwa urefu uleule uliokaa na pigano. Kama kiini ni kupitwa na wakati, afifie.

Kuzichanganya kunawezekana, na Wagiriki wanathibitisha: Zeus yuko daima, Chiron alikabidhi uhai wake, nimfi anaanguka na mti wake. Sharti ni msomaji aweze kujua, kabla ya tukio, nani yuko chini ya sheria ipi. Sheria inayozuka katika sura ile ile inapohitajika inamwonyesha mkono wa mwandishi.

Ukiniuliza mimi, kwa anayeandika riwaya ya kwanza, namshauri njia ya Wagiriki. Inakulazimisha kufikiria jeraha, tiba, kifungo, aibu na muda, ambavyo vyote ni vigumu kuliko kuua, na kila kimoja kinazaa sura nyingine.

Nimeifuta sura ya kumi na mbili. Mkuki wa chuma bado upo, na bado unaingia ubavuni, lakini kinachotoka ni maji ya chumvi yasiyokoma, na wavuvi wanamburuta mungu wa bahari hadi kwenye pango la matumbawe wakalijengea ukuta kwa mawe na chokaa. Maji yanapwa na kujaa kama kawaida, isipokuwa sasa, kila bamvua, ukuta unatoka jasho. Mvuvi aliyerusha mkuki ana binti, na binti amekuwa akienda kule jioni kuupangusa kwa khanga yake. Mdogo wangu amezirudisha kurasa mpya wiki iliyopita. Pembeni, kwa penseli ileile: "Huyu binti atamfungulia. Andika haraka."